Nani kasema? Shaka juu ya asili na misingi ya maadili

Hotuba kamili, kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Kuna swali la maneno mawili ambalo huwakwamisha wazazi, walimu na wahubiri bila ubaguzi. Nani kasema? Unamwambia mtu asidhulumu, naye anakukazia macho: nani kasema? Ukimjibu kwamba sheria imesema, atakuuliza kama dhuluma ingekuwa halali siku ambayo bunge lingepiga kura kinyume. Ukimjibu kwamba wazee wamesema, atakuuliza wazee wa wapi. Ukimjibu kwamba Mungu amesema, bado hajaishiwa. Ana swali jingine, tena kongwe kuliko hayo yote, na tutalifikia sasa hivi.

Wengi wetu husikia ufidhuli katika swali hilo, na mara nyingine ni ufidhuli kweli. Lakini ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Maadili yametoka wapi? Hilo ni swali la asili. Maadili yamesimama juu ya nini, yaani ni kitu gani kinachoifanya kauli kwamba kumtesa mtoto ni uovu iwe kweli, isiwe hisia tu ya msemaji? Hilo ni swali la msingi. Na hata ikiwa kweli, mimi inanihusu nini? Hilo ni swali la utii.

Mwenye jibu la moja kati ya hayo hana jibu la mengine. Hapo ndipo ninapotaka tukae jioni hii, maana hapo ndipo watu wazima wenye akili zao wanapoteleza. Mwenye shaka hodari hukuletea ushahidi kuhusu asili, kisha akatangaza ushindi kuhusu msingi. Mtetezi wa maadili naye huteleza upande wa pili: anaeleza vizuri jinsi maadili yanavyoishikamanisha jamii, halafu anadhani ameonyesha kwamba ni ya kweli. Kitu kinaweza kufaa sana na kisiwe kweli. Kinaweza pia kuwa na asili ya aibu na kikawa kweli tupu.

Twende Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Plato anasimulia kwamba Socrates, akiwa ameitwa kujibu mashtaka ya kutoheshimu miungu, alikutana nje ya baraza na mtu aitwaye Euthyphro. Huyu alikuwa amekuja kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: kibarua wao alilewa, akamwua kwa hasira mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akamtuma mtu mjini kuwauliza wataalamu wa dini afanywe nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikuwa amekwisha kufa kwa njaa, baridi na kamba. Jamaa zake Euthyphro walimjia juu: mtoto kumshtaki baba ni kufuru! Yeye akasema hapana, najua barabara ni jambo gani linaloipendeza miungu.

Socrates akamuuliza: jambo jema ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema?

Litazameni swali hilo polepole. Ukishika upande wa kwanza, wema ni matokeo ya kupendwa tu. Kama ukatili ndio ungependwa, ukatili ungekuwa wema. Tena ukisema Mungu ni mwema, hujasema chochote zaidi ya kwamba Mungu anapenda anachokipenda. Ukishika upande wa pili, wema ulikuwapo tayari pale ulipopendwa. Mungu anatujulisha, anatuhimiza, anatuhukumu, lakini kinachoufanya wema kuwa wema hujakitaja bado.

Msidhani hili ni swali la wasioamini. Waliolichimba zaidi ni waumini wenyewe. Katika Uislamu, Wamu'tazila, kundi la wanatheolojia wa zamani, walisema akili inaweza kutambua zuri na baya hata kabla ya ufunuo. Al-Ash'ari, mwanzoni mwa karne ya 10, na wafuasi wake wakasema zuri ni lile aliloliamuru Mwenyezi Mungu. Katika Ukristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 aliweka uzito kwenye hekima na akili ya Mungu, na William wa Ockham wa karne ya 14 akauweka kwenye mapenzi yake. Wapo pia waliotafuta njia ya tatu: amri hazitoki juu ya Mungu wala hazitoki kwenye matakwa yasiyo na sababu, zinatoka katika dhati yake, nayo dhati hiyo ni njema. Ni jibu zuri kuliko yote mawili. Hata hivyo swali linahamia chumba cha pili tu: dhati hiyo ni njema kwa kuwa ni yake, au kwa kuwa ina huruma na haki?

Swali la Socrates linathibitisha nini hasa? Halithibitishi kwamba hakuna Mungu. Halithibitishi kwamba hakuna ufunuo. Linathibitisha kwamba kumtaja msemaji peke yake hakumalizi kazi, awe msemaji gani. Jaribuni kubadilisha jina. Ni jema kwa sababu taifa limekubali? Ni jema kwa sababu maumbile yametaka? Ni jema kwa sababu wengi wamepiga kura? Kila mara swali linarudi na makali yale yale. Kwa hiyo asiyeamini anayedhani amelikwepa kwa kumwondoa Mungu na kuiweka jamii mahali pake, amebadilisha jina la msemaji tu.

Sasa njooni kwenye hoja ambayo ndiyo maarufu mitaani. Watu wanatofautiana, kwa hiyo hakuna ukweli.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Mfalme Darius wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa katika baraza lake, akawauliza ni malipo gani yangewafanya wale maiti za baba zao. Wakasema hakuna malipo duniani. Kisha akawaita Wakallatia, watu wa India, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi waliokufa, akawauliza mbele ya Wagiriki ni malipo gani yangewafanya wawachome moto baba zao. Wakapiga kelele, wakamsihi asitamke maneno kama hayo. Herodotus akahitimisha kwamba desturi ndiyo mfalme wa wote.

Kisa kitamu. Lakini kinathibitisha kidogo kuliko wanavyodhani wanaokisimulia. Tazameni chini ya ile tofauti: pande zote mbili zinakubaliana kwamba mzazi aliyekufa anastahili heshima, na kwamba fedha hazinunui heshima hiyo. Wanachotofautiana ni tendo gani linalobeba heshima. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza mtu akikuletea mfano wa tofauti za maadili: uliza kama tofauti iko kwenye kanuni yenyewe, au iko kwenye imani kuhusu ulimwengu, kama vile nini kinampata marehemu, nini kinaleta ugonjwa, nani ni ndugu ya nani. Tofauti nyingi sana zinaisha hapo. Si zote.

Hatua ya pili: kutofautiana peke yake hakuondoi ukweli. Watu walitofautiana karne nyingi kuhusu umri wa dunia, na dunia ilikuwa na umri wake muda wote huo. Mwanafalsafa J. L. Mackie, mzaliwa wa Sydney, aliyeandika mwaka 1977 kitabu kinachoanza kwa kukana waziwazi kwamba kuna tunu zisizotutegemea sisi, alilijua hilo. Ndiyo maana hoja yake ilikuwa kali zaidi. Hakusema: wanatofautiana, basi hakuna ukweli. Alisema: ulizeni ni nini kinachoeleza tofauti hizo. Wanasayansi wanatofautiana kwa sababu ushahidi haujatosha. Lakini watu wa ndoa ya mke mmoja wanaisifu ndoa ya mke mmoja kwa sababu ndimo wanamoishi. Hawakuanza kuishi humo baada ya kuutambua ubora wake. Maisha yametangulia, sifa zimefuata. Kama maelezo hayo yanatosha, kuna haja gani ya kuongeza kwamba huko nje upo ukweli wa maadili ambao hawa wameuona vizuri na wale wameuona vibaya?

Hiyo ndiyo hoja ya kujibiwa, na wengi humjibu Mackie kwa kuonyesha makubaliano. Mwaka 2019 Oliver Scott Curry na wenzake wa Oxford walichapisha uchunguzi wa maandishi ya kietnografia, yaani maelezo ya watafiti kuhusu maisha na desturi za watu, kuhusu jamii 60. Walitafuta mambo saba: kusaidia jamaa, kusaidia kundi, kulipa fadhila, ushujaa, kuwaheshimu wakubwa, kugawana kwa haki, na kuheshimu mali ya mwingine. Walipata hukumu 962 kuhusu mambo hayo, na 961 ziliyahesabu kuwa mema. Moja tu ilikwenda kinyume, kutoka visiwa vya Chuuk katika Pasifiki, ambako kumnyang'anya mtu kitu waziwazi kulionekana jambo la kusifiwa kwa kuwa kunaonyesha ubabe.

Mtetezi wa maadili anapumua. Mnaona? Wanadamu wote ni wamoja! Ngoja kwanza. Makubaliano hayo yametoka wapi? Yakiwa na maelezo ambayo hayahitaji ukweli wowote wa maadili, basi mtetezi amekimbia shaka ndogo akakumbatiwa na kubwa. Na maelezo yapo.

Kabla ya kuyafikia, niseme neno moja kuhusu wale wanaotoka kwenye tofauti za tamaduni wakaingia moja kwa moja kwenye wajibu wa kuvumiliana. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kiliipelekea Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa tamko lenye kusema kwamba vipimo vya mema na mabaya vinategemea utamaduni vinamotoka, na kwa hiyo tamaduni ziheshimiwe. Mmesikia hiyo "kwa hiyo"? Kama kila kipimo ni cha utamaduni wake, wajibu wa kuheshimu tamaduni za wengine nao ni wa utamaduni gani? Na utamaduni usiokuwa nao, unadaiwa kwa hati ipi? Mwanafalsafa David Hume alikwisha kutuonya karibu mwaka 1740: waandishi wanatembea na sentensi za jinsi mambo yalivyo, halafu ghafla wanaanza kusema yanavyopasa kuwa, bila kueleza hatua hiyo imepigwaje. Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipita mwaka uliofuata tamko hilo, tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48, hakuna iliyopinga, na nchi 8 zilijizuia kuchagua upande. Hiyo nayo ni hesabu ya waliokubali tu. Socrates angeuliza swali lake lile lile.

Turudi kwenye asili.

Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika jambo ambalo linapaswa kutunyima usingizi kidogo. Alisema hivi kwa maana: kama wanadamu wangelelewa katika hali zile zile za nyuki wa mzingani, wanawake wasioolewa wangeona ni wajibu mtakatifu kuwaua kaka zao, na akina mama wangejitahidi kuwaua binti zao wenye uzazi, na hakuna ambaye angefikiria kuingilia kati. Nyuki hao wenye dhamiri wangeamka asubuhi, wakaua, wakalala kwa amani.

Mtambo uliotuletea dhamiri tuliyo nayo sasa unajulikana kiasi kizuri. Sehemu yake ya kwanza ni udugu. Mwaka 1964 mwanabiolojia W. D. Hamilton aliweka kanuni: tabia ya kujitolea huenea iwapo faida anayopata mpokeaji, ikizidishwa kwa kiwango cha udugu, inazidi gharama ya mtoaji. Ndugu wa baba na mama mmoja wanashirikiana nusu ya jeni zao, yaani chembe za urithi, binamu wa kwanza sehemu moja ya nane. Maana yake, tendo linalonigharimu 1 litaenea likimletea ndugu yangu zaidi ya 2, au binamu yangu zaidi ya 8. Hakuna aliyekaa kupiga hesabu hiyo. Jeni zilizomfanya mtu atende kana kwamba ameipiga ndizo zilizobaki.

Sehemu ya pili ni nipe nikupe. Kuna popo wa Amerika wanaoishi kwa damu tu, na popo huyo akikosa chakula usiku mbili tatu mfululizo hufa. Gerald Wilkinson aliwachunguza Costa Rica, akachapisha mwaka 1984: aliyeshiba humtapikia damu mwenye njaa, na huwapa hasa jamaa zake na wale aliozoea kulala nao mahali pamoja. Mwaka 1980 Robert Axelrod alichapisha matokeo ya mashindano ya programu za kompyuta, 14 pamoja na moja iliyocheza ovyo, kila pambano hatua 200, ambapo kila mchezaji huchagua kushirikiana au kusaliti. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha mrudishie mwenzako alichokutendea hatua iliyopita. Mashindano ya pili yakavutia programu 62, nazo zikijua nani alishinda awali, na ile ile ikashinda tena. Mnamtambua mchezaji huyo? Ana shukrani, ana kisasi, anasamehe. Hana moyo hata chembe.

Sasa tuunganishe. Mwaka 2006 mwanafalsafa Sharon Street aliipanga hoja hii vizuri kuliko waliomtangulia, na kwa maoni yangu ndiyo shaka nzito kuliko zote tulizonazo, nzito kuliko kutofautiana kwa tamaduni mara kumi. Inakwenda hivi. Tuseme uko ukweli wa maadili usiotegemea hisia zetu. Na tuseme, jambo ambalo hakuna msomi wa biolojia atakayelipinga, kwamba uteuzi wa kimaumbile, yaani wenye tabia zinazofaa kuzaa zaidi na kuzirithisha, umezisukuma hisia zetu kwa nguvu. Je, msukumo huo una uhusiano na ukweli ule? Ukisema hauna, basi kupatia kwetu kungekuwa sadfa ya ajabu. Ukisema unao, kwamba babu zetu walioutambua ukweli wa maadili walizaa zaidi, umetoa dai la kisayansi, na dai hilo linashindwa na jingine lililo rahisi zaidi: walioshirikiana walizaa zaidi, basi. Ukweli haukuhitajika popote kwenye maelezo.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kusema: kwa hiyo maadili ni uongo. Simameni! Hilo halifuati. Mwanafalsafa Richard Joyce, mwaka huo huo 2006, alitumia mfano wa vidonge. Fikiria kidonge kinachomfanya mtu aamini kwamba Napoleon alishinda vita vya Waterloo, na kingine kinachomfanya aamini kwamba alishindwa. Unagundua kwamba uliwahi kunyweshwa hicho cha pili. Je, sasa uamini kwamba alishinda? La. Napoleon alishindwa kweli, mwaka 1815. Kidonge hakikuugeuza ukweli. Kilichokuondolea ni haki ya kuwa na uhakika, mpaka ufungue kitabu cha historia. Hoja ya asili, ikiwa na nguvu zake zote, inakufikisha kwenye kutokuwa na uhakika. Haikufikishi kwenye uongo.

Na hata huko haikufikishi kila mara. Mkemia August Kekulé alisimulia mwaka 1890, katika sherehe ya kumheshimu mjini Berlin, kwamba wazo la umbo la molekuli ya benzini lilimjia akisinzia mbele ya moto, akamwona nyoka aliyejiuma mkia. Alikuwa ameichapisha nadharia ya pete hiyo mwaka 1865. Je, kuna mkemia aliyeikataa kwa sababu ilitoka ndotoni? Asili mbaya kuliko hiyo ni ipi? Lakini wazo lilikwenda maabara, likapimwa kwa njia isiyohusiana na ndoto. Basi kipimo ni hiki: asili ya imani inaidhuru imani pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuikagua.

Je, kwenye maadili njia nyingine ipo? Hapo ndipo mjadala mzima ulipo, na hapo ndipo ninapoona pande zote mbili zinapita haraka mno.

Mwenye shaka anapita haraka kwa sababu hii. Ukichukua imani za maadili zote kwa pamoja na kuuliza kama kuna njia ya kuzikagua bila kutumia yoyote kati yake, jibu ni hapana. Lakini jaribu hivyo hivyo kwa macho yako: uyakague bila kuona, bila kugusa, bila kumbukumbu. Jibu ni hapana pia. Mwenye shaka atasema macho ni tofauti, kwani babu aliyewaona simba wawili mahali walipokuwa watatu aliliwa, hivyo ukweli umo ndani ya maelezo. Ni jibu zuri, na kwa macho nalikubali. Kwa kanuni za kufikiri linaanza kuyumba. Mackie alisema ukweli wa maadili ungekuwa kitu cha kioja: jambo ambalo kwa kuwapo kwake tu linakudai ulifuate. Sawa. Sasa mtu akiwa na ushahidi wote mbele yake, hapaswi kuamini kinachoonyeshwa na ushahidi? Huko kupaswa nako hakudai? Hakuna darubini inayokuonyesha. Ukivifukuza vioja vyote, hata wajibu wa kuikubali hoja ya Mackie umeufukuza. Mwanafalsafa Bart Streumer alilikabili hili bila kupepesa macho: mwaka 2017 alitetea kwamba hakuna wajibu wa aina yoyote, kwamba hilo ni kweli, na kwamba hakuna awezaye kuliamini, yeye akiwamo. Namheshimu. Sijui mkutano mwingine wa wanafalsafa ambao mtoa hoja angewashukuru wasikilizaji kwa kutokushawishika.

Mtetezi naye anapita haraka anapodhani kwamba hapo ameokoka na maadili yake yote. Hakuokoka nayo yote. Kaguzi za jumla zikishindwa, za moja moja bado zina meno. Chukua imani moja. Kwanza, jua kilichoizaa: udugu, woga wa mgeni, karaha, masilahi ya mwenye kuishika. Pili, jiulize kama chanzo hicho kingeizaa vile vile hata kama si kweli. Tatu, tafuta njia nyingine ya kuifikia, sababu ambazo hata asiyenufaika nayo angezipima. Imani ikianguka kwenye la pili na ikakosa la tatu, iache ilegee. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile yao. Ipitishe hapo. Imani hiyo ingezaliwa katika vichwa vya mabwana iwe kweli isiwe kweli, maana iliwafaa. Na njia ya tatu? Ukiondoa faida ya bwana, hakibaki kitu. Ipitishe na imani kwamba uchungu wa mgeni ni mbaya sawa na uchungu wa ndugu yangu. Kanuni ya Hamilton haiwezi kuizaa, inaivuta kinyume. Nipe nikupe haiwezi kuizaa pale ambapo mgeni hana cha kunirudishia. Kumbe shaka ya asili, ambayo wengi waliichukua kuwa rafiki wa ubinafsi, inaugonga ubinafsi na upendeleo wa ukoo kabla ya kuugusa wema kwa wageni.

Limebaki swali la utii. Plato, kupitia Glaucon, mmoja wa wahusika wa mazungumzo yake, anasimulia juu ya mchunga kondoo aliyeingia kwenye ufa uliopasuliwa na tetemeko, akakuta ndani ya farasi wa shaba maiti yenye pete ya dhahabu. Aligundua kwamba akiigeuza pete kuelekea ndani haonekani. Akamtongoza malkia, akamwua mfalme, akatwaa ufalme. Wewe ungefanya nini? Mwanafalsafa Hobbes, mwaka 1651, alimjibu mtu wa namna hiyo kwamba mvunja ahadi hawezi kutegemea kuvumiliwa, maana watu watamjua. Ni jibu kwa asiyekuwa na pete. Kwa mwenye pete halifiki, na sidhani lipo linalofika kwa masharti anayoyataka, kwa sababu anataka kulipwa nje ya maadili ili awe mwenye maadili. Anayelipwa hivyo atafuata malipo. Swali hilo naliacha hapo bila huzuni.

Kinachonihuzunisha zaidi ni dhana kwamba mpaka msingi ujulikane, jengo zima liko hewani. Tarehe 16 Juni 1902, Bertrand Russell alimwandikia barua Gottlob Frege, ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kuijengea hesabu msingi wa mantiki, na juzuu ya pili ya kazi hiyo ilikuwa mtamboni. Russell alimuuliza kuhusu kundi la makundi yote yasiyojijumuisha yenyewe: je, linajijumuisha? Ukisema ndiyo, basi hapana. Ukisema hapana, basi ndiyo. Msingi ukaporomoka, na juzuu ilipotoka mwaka 1903 Frege alikiri hivyo katika nyongeza. Je, siku iliyofuata 7 na 5 hazikuwa 12? Kuna daraja lililoanguka? Tulikuwa na uhakika zaidi na 12 kuliko na msingi wowote uliowahi kuwekwa chini yake, na bado tuko hivyo.

Msinipigie makofi bado, maana hesabu ina kitu ambacho maadili hayana. Watu wawili wakitofautiana kuhusu jumla, wanakaa, wanahesabu upya, mmoja anaona alipokosea. Kwenye maadili mara nyingi hatuna pa kukaa. Kwa hiyo mfano wa Frege unatosha kumjibu anayesema bila msingi hakuna kitu. Haumjibu Street.

Na Street mwenyewe? Yeye hakuishia kwenye kukana. Alisema ukweli wa maadili upo, ila unatokana na mtazamo wa mwenye kuthamini: kinachonipasa ni kile kinachofuata kutoka kwenye mambo ninayoyathamini, yakipangwa bila kujipinga na bila kukosea kuhusu ulimwengu. Shaka ya asili inaisha hapo hapo, maana hakuna tena ukweli wa mbali wa kuufikia kwa sadfa. Lakini muulizeni kuhusu Caligula, yule mfalme wa Roma wa miaka 37 hadi 41. Si yule wa historia aliyejaa migongano, bali Caligula aliyenyooka, anayethamini mateso ya wengine kuliko vyote, asiyejipinga mahali popote. Je, amekosea? Street anakubali: kwa mtazamo wake yeye, hajakosea. Tunaweza kumzuia, tunaweza kumfunga, hatuwezi kumwambia kwamba ana sababu ya kuacha.

Mimi bei hiyo siilipi. Nabaki na wanaosema kwamba Caligula amekosea hata akinyooka namna gani, na ninajua kwamba kwa kubaki huko bado nadaiwa maelezo ya jinsi kiumbe wa ukoo wa nyani alivyolijua hilo. Sehemu ya deni nimeilipa leo kwa ile kaguzi ya hatua tatu. Sehemu iliyobaki haijalipwa na yeyote ninayemfahamu.

Asanteni. Mwenyekiti, naona mikono imekwisha kuinuka kule nyuma.